Shajara ya mradi: nalifukuzia neno "soon" mpaka kwao

Siku ya 1, usiku

Leo nimerudishiwa kazi. Natafsiri aplikesheni moja ya kuita teksi, zile sentensi fupi fupi za kwenye skrini, na mule ndani kuna moja inayosema dereva wako atafika "soon", neno la Kiingereza la kitu kitakachotokea karibuni, mi nikaandika "Dereva wako anafika sasa hivi" nikapita zangu. Mhariri wangu ni dada mmoja wa Mombasa, mpole kwa maneno lakini kalamu yake haina huruma, kaipigia mstari mwekundu na pembeni kaandika: "Kakangu, sasa hivi ni sasa hivi. Huyu dereva yuko mlangoni ama yuko Likoni angojea feri?"

Nimecheka, afu nikaudhika. Nikamjibu kwamba dada yangu, huku Morogoro mtu akikwambia nakuja sasa hivi unaweza kubandika maharage yakaiva na bado hajatokea. Akanijibu kwa meseji moja tu, hiyo ni tabia ya mtu, si maana ya neno.

Hiyo meseji ndo imenikosesha usingizi. Sina uhakika kabisa kama tabia ya mtu na maana ya neno ni vitu viwili. Nimechukua kaunta buku mpya ya kwaya mbili, ukurasa wa kwanza nimeandika SOON, na kazi nimejipa hii: kujua hili neno lilizaliwa na maana gani, na lini lilianza kuchelewa. Saa moja kila usiku baada ya kazi za watu.

Siku ya 2

Nimeanza kwa kujiaibisha. Kichwani nilikuwa nimeshapanga kwamba "soon" lazima ina undugu na "sun", jua, si unaona, jua likichomoza, asubuhi mapema, mambo ya wahi wahi. Nadharia tamu kweli. Imekufa ndani ya dakika tano. Kwenye Kiingereza cha Kale jua ni "sunne", mtoto wa kiume ni "sunu", yote yana u fupi, na neno letu liliandikwa "sōna" na o ndefu. Ukoo tofauti kabisa.

Lakini hiyo o ndefu nayo ni hadithi. Mswahili akilisoma "sona" kama lilivyoandikwa, so-o-na, anakuwa karibu zaidi na Mwingereza wa miaka elfu moja iliyopita kuliko Mwingereza wa leo. Baadaye ile a ya mwisho ikafifia mpaka ikadondoka, na karne ya 15 na kuendelea irabu zao ndefu zikapanda mdomoni, o ndefu ikawa u ndefu. Mwezi ulikuwa "mōna" ukawa "moon", jino "tōth" likawa "tooth", chakula "fōda" kikawa "food". Maandishi yakabaki na zile oo mbili kama kibao cha duka lililoshahama.

Nikiwa hapo nikakutana na "noon", ikanila nusu saa nzima maana hii ni yetu kabisa. Imetoka kwenye Kilatini "nona", saa ya tisa. Warumi walihesabu saa kuanzia jua linapochomoza, yaani hesabu ile ile tunayoitumia sisi, kwa hiyo nona yao ni saa tisa yetu ya alasiri, bila kubadilisha chochote. Watawa walikuwa na sala yao ya saa tisa, na baada ya sala ndo mlo. Sala na mlo vikawa vinasogezwa, vinasogezwa (njaa bwana), na kufika karne ya 14 "noon" ikawa imeshatua kwenye saa sita mchana. Neno lenye namba tisa ndani yake linataja saa sita na hakuna Mwingereza anayeshtuka. Nimeiandika pembeni kwa kalamu nyekundu kwa sababu soon naihisi ina ugonjwa huo huo, ila kwa upande wa pili, noon iliwahi na soon ikachelewa.

Siku ya 5

Leo ndo leo. Nimefungua kamusi ya Kianglosaksoni, ndo hicho hicho Kiingereza cha Kale, ya Bosworth na Toller, lile dude la 1898, siku hizi lipo bure kwenye intaneti, nimetafuta sōna. Maana yake: papo hapo. Sio baadaye kidogo wala karibuni, ni papo kwa papo, dakika hiyo hiyo. Ndugu zake wa zamani nao ni hivyo hivyo, Wasaksoni wa Ujerumani walikuwa na "sān", na Wagothi, kabila lingine la kale la ukoo huo huo wa Kijerumani, kwenye Biblia yao ya karne ya 4, walikuwa na "suns", nayo ni mara moja, hapo hapo.

Kwa hiyo soon ilizaliwa ikiwa na maana ya SASA HIVI ya Mombasa na imezeeka ikiwa na maana ya sasa hivi ya Morogoro. Nilitaka kumpigia mhariri usiku ule ule, nikaona saa tano na nusu, nikajizuia.

Siku ya 6

Umeme hamna. Laptopu haina chaji. Nimelala mapema.

Siku ya 9

Nilikuwa nahangaika nitapimaje neno limechoka lini, maana kamusi inakwambia lilikuwa hivi likawa vile, njiani hakuna kituo. Jibu limetoka kwenye Biblia ya mama. Injili ya Marko kwa Kigiriki ina kineno "euthys", papo hapo, na Marko analipenda vibaya mno, analitumia kama mara 40 kwenye kitabu kifupi kile, kila kitu kwake kinatokea papo hapo. Na Marko katafsiriwa kwa Kiingereza kila zama. Unachukua mstari mmoja, unaangalia kila zama waliweka neno gani, kila mtafsiri lazima atakuwa kachagua neno ambalo kwa wakati wake bado lilikuwa na makali.

Nimechukua Marko 1:12, pale Roho anapompeleka Yesu nyikani. Kwetu, Biblia ya Union ya 1952, ni "Mara Roho akamtoa". Sasa upande wao. Injili za Kianglosaksoni za karne ya 10 wameweka "sona". Biblia ya Wycliffe, miaka ya 1380, sona hayupo tena, kuna "anoon", ambalo sasa linaandikwa anon. Ya King James ya 1611, anon nalo limeondoka pale, kuna "immediately". NIV, tafsiri ya kisasa ya 1978, "at once".

Nimekaa naangalia hiyo mistari minne kwenye kaunta buku kama mtu anayeangalia picha za ukoo. Mstari ule ule, Roho yule yule, haraka ile ile, maneno manne. Na ninavyosoma mimi, watu wa Wycliffe hawakuiacha sona kwa kupenda mitindo, waliiacha kwa sababu ingemfanya Roho aonekane anajivuta.

Ajabu nyingine ni hiyo sura ya kwanza ya King James yenyewe. Kigiriki kinarudia neno lile lile moja, wao wamezungusha straightway, immediately, forthwith, na kwenye mstari wa 30, wanapomwambia habari za mama mkwe wa Simoni mwenye homa, anon. Maneno manne kwenye sura moja. Sie tumeweka mara, na mara, na mara, na mara. Mama anasema ndo utamu wake, inakimbia.

Siku ya 10

Anon. Kulitafuta kwenye intaneti ni adhabu, kila unachogugo kinakuletea mambo ya watu wasiojulikana majina, hadi nilipoongeza "Kiingereza cha Kale" ndo nikapata kitu. Limetoka kwenye "on ān". On ni katika, ān ni moja. Yaani "katika moja".

Nilisimama kabisa kwenye kiti. Mara moja! Sisi tunasema mara moja, na mara yenyewe tumeichukua kwa Mwarabu, marra, tukaiongezea moja, ikawa na maana mbili, nimeenda mara moja na njoo mara moja. Na "at once" ya Waingereza ni nini, once ni moja iliyovalishwa s ya zamani, ile ile inayokaa mwishoni mwa always na nowadays, ila tahajia ikabadilishwa ikawa ce. Kwa hiyo walikuwa na "katika moja" ya kwanza, ikachakaa mikononi mwao, wakaenda wakatengeneza "katika moja" ya pili kwa vipuri vile vile. Fundi gani huyo.

Kwa kumbukumbu tu, anon ilikuwemo kwenye kitabu cha kwanza kabisa cha ile kamusi kubwa ya Oxford. James Murray na wenzake walianza kuitoa vipande vipande mwaka 1884, kipande cha kwanza kilianzia A kikaishia Ant, afu mpaka wamalize herufi zote ilikuwa 1928. Wanunuzi wa kile cha kwanza waliambiwa vingine vinakuja. Miaka 44. Sitaki kusema neno.

Siku ya 13

Jana sikuandika kwa sababu nilikuwa nasoma tamthilia ya Shakespeare, Henry IV sehemu ya kwanza, iliyochapwa 1598. Nimeelekezwa huko na mfano mmoja wa anon kwenye kamusi, nikajua ni mstari mmoja, kumbe ni kituko kizima. Kuna baa, kuna kijana mhudumu anaitwa Francis. Mwana wa mfalme anamshika maongezi huku rafiki yake Poins yupo chumba cha pili anamuita, Francis! Na Francis kila akiitwa anajibu "Anon, anon, sir!", haendi, yuko na mwana wa mfalme, anaitwa tena, anon anon, mwisho anasimama katikati hajui aende wapi. Mzaha wote umesimama juu ya hilo neno moja.

Leo asubuhi nimeenda kunywa supu karibu na stendi ya Msamvu nikamuona Francis mwenyewe. Kijana ana taulo begani, trei ya aluminiamu mkono wa kushoto ina mabakuli matatu yanatikisika, mzee mmoja kwenye kona kamuita, "We kijana, limao!" na kijana bila kugeuka, mgongo ndo unaongea, "Nakuja sasa hivi mzee wangu!" afu akaelekea jikoni, upande ambao sio wa yule mzee. Nikawasha saa ya simu. Meza ya dirishani wakamuita chumvi, sasa hivi boss. Mama mmoja akaomba chenji yake, sasa hivi mama. Limao lilifika dakika ya 11, supu ya mzee ilishaisha, akalichukua akalitia mfukoni.

Kijana hakudanganya, hilo nataka liandikwe. Alikuwa kweli anaenda. Alisema neno la haraka kwa sababu ndo adabu kumwambia hivyo mteja, huwezi kumwambia mzee nitakuja nikipata nafasi. Sasa lizidishe kwa wahudumu wote, mafundi wote, wadaiwa wote, kila siku, miaka mia mbili. Mwisho wa siku mtoto anayejifunza kuongea hajifunzi neno kutoka kwenye kamusi, anajifunza kutoka kwenye limao, anaona lilitamkwa saa ngapi na lilifika saa ngapi.

Na cha kunivutia zaidi ni tarehe. Francis anapiga kelele za anon kwenye 1598, wakati 1611 ile ile anon bado iko kwenye Marko 1:30 ikiwa na makali yake. Kwa hiyo kanisani neno lilikuwa zima na baa limeshapasuka, kwa wakati mmoja, mji mmoja.

Siku ya 17

Nimepata ushahidi dhidi yangu mwenyewe, na kwa kuwa hii ni shajara sio kesi, nauandika.

"By and by". Leo ni baadaye baadaye, taratibu, ndo tutakutana huko. Lakini kwenye King James, Marko 6:25, binti wa Herodia anaingia mbio kwa mfalme anasema anataka kichwa cha Yohana Mbatizaji "by and by". Ukisoma na masikio ya leo unaona binti mstaarabu, mfalme usijisumbue, hata wiki ijayo. Kumbe Kigiriki pale ni papo hapo. Presently nayo ni hivyo hivyo, kwenye Mathayo 21:19 mtini unanyauka "presently", na maana yake ni palepale wakitazama, sio baada ya muda kama Mwingereza wa leo atakavyokuambia.

Sasa nikafungua Union ya Kiswahili nione huyo binti kasemaje. Kasema: "Nataka unipe sasa hivi". Sasa hivi! 1952, na haina hata harufu ya kuchelewa, kichwa kilikuja. Nikampigia picha huo mstari nikamtumia mhariri bila maelezo. Akajibu, "Asante kakangu, nimengojea siku kumi na saba."

Nimelala nikiwa nimeshindwa.

Siku ya 18

Nimeamka sijashindwa sana. Usiku nimewaza hivi: binti wa Herodia anatumia sasa hivi kuagiza mtu mwingine. Kijana wa supu anaitumia kujiahidia mwenyewe. Ni kazi mbili tofauti na zinachakaza neno kwa kasi tofauti. Ukiangalia maneno ya Kiingereza ambayo hayajalegea, forthwith ni la kwanza, nalo linakaa mahakamani, hakimu anaagiza, halafu immediately, neno refu, rasmi, ndani yake ni Kilatini cha "bila kitu katikati", hakuna mhudumu anayeligeuza kuwa wimbo huku kabeba mabakuli. Yaliyolegea ni yale ya mtu kujiongelea, soon, anon, by and by, presently. Hii ni nadharia yangu mimi, msiinukuu mtihanini.

Kwetu naiona. Mkuu wa wilaya akisema "waondoke mara moja" hakuna anayeuliza mara moja ndo lini. Lakini fundi akisema sasa hivi unamuuliza, sasa hivi ya saa ngapi? Na vijana wameshaona sasa hivi imekwisha nguvu, wameleta nyingine, nakuja chap, nakuja fasta, chap kwa haraka. Nazipa muda tu. Chap ya fundi wangu wa jokofu ina siku tatu.

Na sasa yenyewe usisahau, ni Mwarabu tena, as-saa, saa hii. Tukaona haitoshi tukaisukumia "hivi". Neno likishaanza kuhitaji mkongojo ujue limeshaanza kulegea.

Siku ya 21

Nimepotea njia leo, lakini kwa raha. Kuna "sooner", kwa Waingereza ni kuwahi na pia ni kupendelea, mtu anasema bora nife kuliko kufanya kitu fulani na anatumia sooner. Nikadhani ni ajabu, kumbe "rather" ndo baba yake kwenye huo mchezo, zamani lilikuwa na maana ya mapema zaidi, kutoka "rathe", mapema, ambalo mshairi Milton bado analo kwenye shairi la 1637 akilielezea ua linalowahi kuchanua. Unachokiwahi ndo unachokipenda, sawa, inaeleweka.

Na Sooners wa Oklahoma. Tarehe 22 Aprili 1889, saa sita mchana, serikali ya Marekani ilifungua ardhi iliyochukuliwa kwa Wahindi Wekundu, watu wajipange mpakani na farasi na mikokoteni, mlio upigwe wakimbilie viwanja. Wapo waliojipenyeza kabla ya muda wakajificha vichakani, mlio ulipopigwa wao wakawa wameshasimama kwenye kiwanja. Wakaitwa sooners, lilikuwa tusi, leo ni jina la timu ya chuo kikuu na wanalivaa kifuani. Nimefuta nusu ukurasa niliyoandika kuhusu viwanja vya Tanzania, haihusiani.

Siku ya 24

Dedlaini ni kesho. Nimerudi kwenye sentensi yangu ya teksi, na kuna nyingine inanisumbua zaidi, kitufe cha huduma ambayo haijaanza, kimeandikwa "Coming soon". Nilikuwa nimeweka "Hivi karibuni" na nilijiona mjanja.

Mhariri kanitega tena: hivi karibuni imepita au inakuja? Aisee. Amefika hivi karibuni, atafika hivi karibuni, neno ni lile lile, kitenzi ndo kinakwambia ugeukie wapi. Hivi punde pia, nyuma na mbele. Sasa kwenye kitufe hakuna kitenzi, mtu anasoma Hivi karibuni anaweza kudhani huduma imeanza juzi, akabonyeza mpaka kidole kiote sugu. Hapo Kiingereza kimetushinda, soon yao hata ikichelewa inaangalia mbele tu.

Tumekubaliana kwenye simu, dakika arobaini, bando langu. Kitufe: "Inakuja karibuni". Dereva: "Dereva wako yuko karibu kufika". Yaani tumeacha saa tumeshika umbali, maana karibu ni mahali kabla ya kuwa wakati, na gari likiwa mahali linaonekana kwenye ramani, mteja atajihesabia mwenyewe. Dada kasema hiyo hata Likoni itaeleweka.

Kaunta buku imebaki na kurasa kibao. "Directly", yaani moja kwa moja, sijaigusa, wapo Wamarekani wa Kusini ambao kwao ni baadaye kidogo, na "just now", yaani sasa hivi, ya Afrika Kusini nayo inasubiri, ile wanayokwambia just now na ukikaa kumngojea umeumia. Nimezipa ukurasa mmoja mmoja, nimeandika vichwa vya habari. Faili la teksi nimelituma saa nne na dakika kumi usiku.